Wingu la Jumapili

Nilivisha jua soksi. Sijui namna nyingine ya kulisema hilo likaonekana la akili, kwa hiyo naliweka hapa juu kabisa, ili ukitaka kucheka ucheke sasa tuendelee. Soksi zenyewe zilikuwa za shule, nyeupe, zile ambazo ukiwa kidato cha kwanza zinafika gotini na ukifika cha tatu zinaishia kwenye kifundo. Na jua lenyewe halikuwa jua lote, ni kile kipande chake tu kinachoangukia bati la nyumba yetu hapa Same, mahali ambapo dada yangu alikuwa amefunga kifaa cha kulipima.

Dada yangu anasoma shahada ya pili katika idara ya fizikia na astronomia, chuo kikuu, Dar es Salaam. Ukiyasema hayo Dar, watu wanatikisa kichwa kwa heshima. Ukiyasema Same unaulizwa anasoma nini hasa, na matatizo yanaanzia hapo, maana jibu fupi ni kwamba anasoma nyota. Na kwetu mtu anayesoma nyota ni yule anayewasha ubani, anakuuliza jina la mama yako, halafu anakutajia nani kakuroga. Mama yangu yumo kwenye kwaya ya akina mama pale usharika wetu wa Kilutheri. Wenzake walipoanza kumnong'oneza, aliwajibu kwa kifupi: mwanangu hasomi nyota, anasoma jua. Haikusaidia sana. Kuna mama mmoja alikuja mpaka nyumbani, kwa adabu zote, kuuliza mbuzi wake aliyepotea kaelekea upande gani.

Ila mama hakuwa amedanganya. Dada alikuwa anataka kujua vumbi linakula mwanga kiasi gani kabla haujatufikia. Alifunga kipimo kimoja kwetu huku chini Same, ambako upepo ukiamka unainuka na udongo mwekundu wote, na kingine juu milimani kwa bibi, kwenye tangawizi na ubaridi. Jua ni lile lile, siku ni ile ile, kwa hiyo tofauti ikionekana, ni ya hewa iliyo katikati. Watu wa idara yake walikuwa wanatafuta mlima mzuri wa kuweka darubini, na darubini ukiiweka nyuma ya vumbi ni sawa na kuvaa miwani iliyopakwa unga.

Kipimo kilikuwa kisahani cheupe chenye kioo juu yake, kama nusu ya yai, kimesimama kwenye fimbo fupi ya chuma ukingoni mwa bati, nyuma ya nyumba. Waya ulishuka mpaka kwenye kiboksi chenye laini ya simu, na kiboksi kilituma namba Dar chenyewe. Dada akiwa bwenini alijua kabla yetu kama Same kumeingia wingu. Mimi nilipewa kazi moja: kila wiki nipande kwenye kichanja cha tanki la maji, nifute vumbi kwenye kile kioo. Kwa kitambaa laini, aliniambia. Hakusema kitambaa gani.

Sasa, nyumbani kwetu Jumapili hakufuliwi. Siku ya kufua ni Jumamosi, na Jumamosi mimi nina mpira. Kwa hiyo Jumapili baada ya ibada, mama akibaki kwenye mazoezi ya kwaya, mimi nilikuwa nafua soksi zangu nyuma ya jiko kama mtu anayepika gongo. Kufua kulikuwa rahisi. Shida ilikuwa kuanika. Kwenye kamba mama angeziona. Ndani hazikauki mpaka Jumatatu. Ukiziacha juu ya bati, upepo wa Same utazichukua zikavaliwe na faru huko Mkomazi. Basi Jumapili moja nikapanda kufuta kile kioo, soksi mbichi mkononi, nikakifutia hiyo hiyo soksi, halafu nikakitazama. Kilikuwa kama kichwa cha mtoto mchanga kinachosikia baridi. Nikakivalisha. Ikakaa vizuri sana, nikaongeza na ya pili.

Ikawa ndio mtindo wangu. Mama anaingia getini jioni, soksi zimeshakauka, zimeshashuka, ziko kwenye begi. Na usidhani sikujua kile kifaa ni cha nini. Nilijua. Nilijiambia tu kwamba jua la Same ni jingi mno, haliwezi kupungukiwa na soksi mbili.

Siku moja dada akapiga simu. Kwanza alimuuliza mama kama kuna kitu kinazuia kipimo. Mama akatoka nje, akazunguka nyuma, akatazama juu, hakuna kitu. Ilikuwa katikati ya wiki. Halafu dada akaomba aongee na mimi. Akataka kujua ni nini kinachokaa juu ya kipimo chake kila Jumapili mchana. Nikamwambia labda kunguru.

"Kunguru anajuaje kama leo Jumapili?"

Nikamwambia labda ni Mlutheri. Akakata simu.

Pale idarani kwao wana kitu wanaita semina. Kila wiki mmoja wao anasimama mbele, anaonyesha alichokipata, wenzake wanamsikiliza huku wanatafuna, kisha wanamuuliza maswali mpaka ajute. Safari hii baadhi yao walikuwa wanapita huku kutazama milima, basi ikapangwa semina ya dada ifanyike Same, kwenye ukumbi wa shule moja iliyotuazima. Haikuwa semina ya kupiga picha na kwenda zake. Wakiridhika, dada angeruhusiwa kuanza kuandika tasnifu. Wasiporidhika, angerudi kupima upya, mwaka mwingine mzima. Mama alilijua hilo vizuri sana. Alikuwa ameshawaambia kwaya nzima wajiandae kuona joho.

Akapika makande ya kutosha kijiji. Niliposema wale watu wa chuo hawaji kula, aliniuliza kama nimewahi kumwona mtu anayefikiri sana akakosa njaa. Akaweka na chupa za chai ya tangawizi, tukabeba.

Ukumbini wameziba madirisha kwa kanga ili picha zionekane ukutani. Mwenyekiti wa semina alikuwa mhadhiri mmoja, mwanamke bado kijana, ambaye dada alimtambulisha kama daktari. Mama akamsalimia vizuri, kisha akaninong'oneza kwamba ikiisha shughuli atamwonyesha goti lake linalomsumbua. Pembeni alikaa profesa mzee aliyevaa sweta, Same hii hii inayokausha mpaka mate. Mama alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba kama mtu aliyeko mbali. Dada hajafika picha ya pili, mzee ameshalala.

"Yule baba anaumwa?" mama akaniuliza.

"Anawaza."

Hapo niseme kwamba Kiingereza cha mama kinaishia kwenye maelezo ya dawa, na semina ilikuwa ya Kiingereza. Mimi ndiye nilikuwa mkalimani wake. Kazi hiyo haikustahili kupewa mtu kama mimi, lakini nilianza kwa uaminifu, nakuapia.

Dada alianza na siku moja. Alionyesha mstari unaopanda asubuhi, unafika kileleni mchana, unashuka jioni. Kila siku kilima kimoja. Akaviweka vilima viwili pamoja, cha kwa bibi na cha kwetu, na cha kwa bibi kikawa kirefu zaidi. Kabla sijafungua mdomo mama akasema, "Kwa bibi yako kuna mwanga kuliko kwetu." Nikanyamaza, maana ndicho hicho. Kisha dada akapitisha vilima vya mwaka mzima, kimoja baada ya kingine, na ukaona kilima chetu kinavyosinyaa miezi ya ukame, mvua ikinyesha kinainuka tena, kama kifua cha mtu anayepumua. Nilikuwa naishi chini ya lile bati siku zote hizo na sikujua kwamba juu yake kuna kitu kinapumua. Nikasahau kutafsiri. Mama akanigusa kwa kiwiko.

Alipomaliza wakapiga makofi. Makofi hayajaisha vizuri, mikono mitatu imeshapanda juu, na maswali yakaanza kumiminika. Vipimo viwili ulivilinganishaje? Una uhakika gani kwamba ni vumbi na si moshi? Mama akashangaa.

"Wamempigia makofi, halafu wanamshtaki?"

Nikamweleza kwamba ndio desturi yao, ni kama baraza, ila huku hutozwi faini ya mbuzi. Akaelewa mara moja. Sisi Wapare tunasemwa kwa ubishi, na mimi sitalipinga hilo maana nitakuwa nimelithibitisha. Mama akajiweka sawa kwenye kiti, akaweka mkoba miguuni, na kila dada alipojibu akawa anatikisa kichwa. "Hapo kamjibu," ananiambia. "Hapo asimwachie." Nilivyomwona, ile semina ilikuwa inamfaa yeye kuliko dada.

Ndipo yule daktari akaomba picha moja irudishwe. Ilikuwa ya kilima chetu cha siku ya Jumapili, na upande wa mchana kilikuwa kimekatwa. Siyo kuchubuliwa kidogo kama wingu likipita. Kimekatwa kama mkate, chini, halafu jioni kinarudi juu ghafla. Dada akakiri kwamba analo hilo kila Jumapili na hajui ni nini. Yeye mwenyewe huliita wingu la Jumapili. Watu wakacheka. Mimi nikaanza kutazama viatu vyangu.

Kila mtu akaja na lake. Mwanafunzi mmoja alisema ni moshi wa takataka, watu huchoma Jumapili wakiwa nyumbani. Mwingine akasema ni vumbi la ng'ombe wanaotoka mnadani, dada akamjibu kwamba mnada si Jumapili. Mwingine akaleta malori ya barabara kuu, akaulizwa tangu lini malori yakapumzika siku sita yakatembea moja. Walikuwa wanabishana kwa raha, wanachoreana kwenye karatasi za kufungia maandazi, na mimi nilikuwa nimekaa katikati yao na hilo wingu nimelivaa miguuni.

Lakini daktari hakucheka. Alisema kwa upole kwamba kama mwenye kifaa hajui kwa nini kifaa chake kinaanguka, basi huenda joto la bati limekiharibu. Na kama kimeharibika Jumapili, nani atatuhakikishia kwamba Jumatatu ni kizima? Ingekuwa salama zaidi, alisema, kuyaacha haya na kupima upya mwaka mmoja, kwa kifaa kingine.

Mabega ya dada yakalegea. Mkono ulioshika rimoti ukashuka.

"Kasema nini?" mama akaniuliza.

"Anasifia makande."

"Hajayala."

"Harufu, mama."

Akanitazama, akamtazama dada, akanitazama tena. Mama anaweza asijue Kiingereza, ila mabega ya mwanawe anayajua.

Hapo yule mzee wa sweta akafungua macho. Hakupiga miayo wala kujinyoosha, alifungua macho tu kama mtu aliyekuwa humo humo muda wote, akaomba lile shimo likuzwe. Alisema polepole, nami nikamtafsiria mama neno kwa neno, kwa sababu yalikuwa mambo matamu na sikutaka yaharibike. Alisema mbingu zina siku, kwa sababu dunia inazunguka. Zina mwezi, zina mwaka. Lakini wiki haimo. Utafute angani kote, hakuna kinachozunguka kwa wiki.

"Jua halijui Jumapili," alisema. "Kitu kikijirudia kila baada ya siku saba, usitafute wingu, tafuta mtu."

"Jua halijui, Mungu anajua," mama akasema chini chini. Ila nilimwona amependa.

Mzee akaomba aonyeshwe Jumapili za mwezi wa sita. Dada akaziweka. Hakuna shimo. Akaomba za mwezi wa kumi na mbili. Vilima vizima, vizuri, kuanzia asubuhi hadi jioni. Akatabasamu. "Ni mtu anayefunga shule."

Nikaficha miguu chini ya kiti. Huyu mzee hajawahi kufika kwetu. Hajui kama dada ana mdogo. Amelala, ameamka, ametazama mstari ukutani, na tayari ameshanifikisha darasani.

Na hakuwa amemaliza. Alisimama, akaenda mpaka ukutani, akaweka kidole chini ya shimo. Tazameni, alisema, sakafu ya shimo hili haijanyooka. Mwanzoni kuna mwanga kidogo unapita. Kisha unapungua, unapungua tena, halafu unatulia. Kwa hiyo kilichoko juu ya kioo kinabadilika kikiwa pale pale. Ni kitu gani hicho kinachopitisha mwanga kwanza, halafu chenyewe kinaanza kuuziba?

Wakarudi kuchora kwenye karatasi zao. Mimi pia nilikuwa sijui, na huo ndio ukweli: soksi ni zangu na nilikuwa sijui. Nilikuwa nawaza kwa bidii kama wao. Ndipo nikakumbuka siku tuliyonyeshewa uwanjani, mashati yetu meupe yakalowa mpaka ukawa unahesabu mbavu za mtu. Yakikauka, mbavu zinapotea. Kitambaa kikilowa kinaonyesha ndani, kikikauka kinaziba. Soksi zilipanda mbichi, zikakaukia pale. Kile kifaa kilikuwa kimeziona zikikauka, Jumapili baada ya Jumapili, kikaandika.

Ningependa kukwambia kwamba nilinyoosha mkono kwa ajili ya dada. Nilimhurumia, ndiyo. Lakini mkono ulinyooka wenyewe, kwa utamu wa kulijua jibu kabla ya watu wote waliokuwa mle ndani. Ulikuwa juu kabla sijakumbuka jibu lenyewe ni la nani.

Daktari akaniona. Akaniuliza wanavyoulizana wao, "Ni swali au maoni?"

"Soksi," nikasema.

Halafu nikafanya kosa lililo baya kuliko la kwanza: nikaeleza yote kwa Kiswahili. Kwamba kitambaa cheupe kikilowa kinapitisha mwanga na kikikauka hakipitishi. Kwamba ni mbili, moja juu ya nyingine. Kwamba zinapanda baada ya ibada na kushuka kabla ya mazoezi ya kwaya kwisha, na kwamba likizo sivai soksi kwa hiyo sizifui. Nilikuwa naeleza vizuri sana, kwa mpangilio, na ni katikati ya neno "nazifua" ndipo nilipohisi kando yangu mtu ambaye hahitaji tena mkalimani.

Dada akanigeukia.

"Kunguru wa Kilutheri," akasema.

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, isipokuwa mzee, ambaye alikuwa na maswali. Pamba au nailoni? Nilizikamua au nilizipandisha zikichuruzika? Iliyokuwa juu ilikuwa kubwa kuliko ya chini? Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza maswali mengi hivyo kuhusu kitu nilichokifanya bila kuwa na fimbo mkononi. Akasema twende nje tuone. Kipimo chetu kilikuwa kimeshushwa kwenye bati asubuhi ile ili wenzake wakikague. Kikabebwa mpaka uwanjani, waya ukaunganishwa kwenye kompyuta ya dada, nami nikavuliwa soksi moja niliyokuwa nimeivaa. Mzee akainusa, kwa sababu ambayo hakuieleza. Akailowesha kwa maji ya kunywa, akaikamua kwa mikono yake, akakivalisha kipimo kama kofia.

Namba ikaanguka. Kisha, sote tukiwa tumechuchumaa juani kama watu wanaocheza bao, ikaendelea kushuka kidogo kidogo, na jua la Same halichelewi kukausha. Daktari alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi na sketi yake ya safari. "Inashuka," alisema, "tazama, bado inashuka," akimshika bega mwanafunzi wa ile hoja ya malori. Ikashuka mpaka ikatulia, ikachora sakafu ya umbo lile lile la kule ukutani. Mtu akaivua soksi, namba ikaruka juu. Nikasema naomba tuirudie na mimi niiloweshe. Tukairudia.

Basi kifaa kilikuwa kizima. Daktari na mzee waliteta kidogo pembeni, kisha daktari akamwambia dada kwamba mchana wa Jumapili zote uondolewe kwenye hesabu, mengine yote yanasimama, aanze kuandika. Mzee akaongeza sharti: soksi zitajwe, zisifichwe. Msomaji aambiwe ni nini kilichokuwa pale. Dada akajibu atazitaja. Alikuwa anafuta macho kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ananifinya, na alifinya kwa moyo wote.

Mama alikwenda moja kwa moja kwenye makande. Alifunua masufuria, akawapakulia wageni, akahakikisha mzee ameongezwa, akamsikiliza daktari akimweleza kwamba udaktari wake ni wa hewa na si wa magoti. Kwangu alipakua mwisho, na akanipa sahani bila kunitazama. Nikamtafsiria vichekesho viwili vitatu vilivyokuwa vinasemwa pale mezani. Hakuomba tafsiri, na hakucheka.

Njiani tukirudi alitangulia. Nilibeba sufuria tupu kichwani, mguu mmoja una soksi na mwingine hauna, maana mzee alikuwa ameondoka na ile nyingine mfukoni mwa sweta. Nilitaka sana kumuuliza mama kama aliona jinsi namba ilivyokuwa inashuka, lakini mgongo wake haukuwa mgongo wa kuulizwa. Tulipofika getini akasimama, akatazama juu ya bati, pale ilipobaki fimbo ya chuma peke yake. Kisha akasema:

"Mwaka mzima nawaambia wenzangu wa kwaya kwamba mwanangu hasomi nyota. Leo yule mzee wao kakusoma wewe mpaka soksi kama mpiga ramli, tena bila kukanyaga nyumbani kwetu. Jumapili wakiniuliza, utasimama wewe uwaeleze."